Jino Liking'oka Kwa Boli, Usisugue Mzizi! Cheki Kwa Nini

Hii stori unaijua. Jumapili mnapiga boli, msee anakula kiwiko cha uso, damu inamwagika, halafu jino zima la mbele liko chini kwa vumbi. Mtu analiokota, anakimbia nalo kwa mfereji, analisugua na sabuni mpaka linang'aa, kisha analifunga kwa tishu lisishike uchafu. Manze, hapo ndo jino limeuliwa. Lilikuwa bado lina nafasi ya kurudi.

Shida ni kwamba wengi wetu tunadhani jino ni jiwe moja kutoka juu hadi chini. Zii. Ile sehemu nyeupe unayoonyesha kwa selfi imefunikwa na enameli, na karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu. Mwilini mwako hakuna kitu kigumu kuishinda. Lakini enameli inaishia pale kwa ufizi. Kuanzia hapo kushuka, mzizi umevaa nguo tofauti kabisa, inaitwa sementamu.

Jina linakaa la simiti ya mjengo, lakini usidanganyike. Madini ni kama nusu tu ya uzito wake. Ile nusu ingine ni maji na protini, hasa kolajeni, ile ile inashikilia ngozi yako. Kwa hivyo sementamu iko karibu na mfupa kuliko enameli. Na ni nyembamba, buda: karibu na ufizi ina unene wa milimita 0.02 hadi 0.05, yaani kama unywele ama chini ya hapo. Kwa ncha ya mzizi inafika kama 0.2. Haina mishipa ya damu, haina neva. Ile ya juu karibu na ufizi haina hata seli ndani yake. Ile ya chini ndo iko na seli zimejifungia humo kama wapangaji.

Sasa kitu hafifu hivyo kinafanya kazi gani? Hiki ndicho kinakushikilia jino. Jino lako halijagandishwa kwa taya, limeninginizwa. Kuna nyuzi za kolajeni, maelfu kwa maelfu, upande mmoja zimezikwa ndani ya sementamu na upande mwingine ndani ya mfupa wa taya. Fikiria nondo zimeshika kuta mbili. Zile ncha zilizozikwa zinaitwa nyuzi za Sharpey, kutokana na William Sharpey, mwanaanatomia wa Scotland wa karne ya 19. Ukiuma mahindi choma, jino linabonyea kidogo sana halafu linarudi, na hausikii kitu. Lakini kajiwe kamoja kakiwa kwa githeri, unakasikia mara moja, juu neva ziko hapo katikati ya hizo nyuzi.

Jino liking'oka, nyuzi zinakatika, na seli hai zinabaki zimeng'ang'ania mzizi. Hizo ndo fundi wa kushona jino tena. Ukisugua, umezifuta. Ukiacha jino likauke kwa tishu, nyingi zinakufa ndani ya saa moja. Jino likirudishwa bila hizo seli, mfupa unaungana na mzizi moja kwa moja na kuanza kuula polepole, miaka inaenda, hadi jino liishe.

Kuna njia ingine ya kuharibu sementamu bila kiwiko cha mtu, na hii tunaifanya kila asubuhi kwa keja. Mswaki mgumu, nguvu za kufua jinzi, wengine na makaa juu wameona video. Ufizi unarudi nyuma, mzizi unabaki uchi, kale kangozi kanalika, na chini yake kuna dentini yenye vijitundu vidogo vinavyoelekea kwa neva. Soda baridi ikifika hapo, unaruka. Na kama umelelewa pande za Nakuru ama Naivasha na meno yako ni ya kahawia kwa sababu ya floridi ya maji, hiyo rangi iko ndani ya enameli. Kusugua hakutaitoa, utakula ufizi tu. Chukua mswaki laini, na baada ya soda ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Turudi uwanjani. Okota jino ukishika ile sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, suuza haraka na maziwa, bila kusugua. Kama mwenyewe ako sawa, lirudishe kwa shimo lake saa hiyo hiyo na aume kitambaa kisafi. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa baridi, pakiti ya duka inatosha, na mkimbie kwa daktari wa meno kabla saa moja iishe. Kama ni la mtoto na ni jino la utotoni, usilirudishe, litaumiza lile linalokuja nyuma yake. Mpeleke tu akaangaliwe.