Bofya, bonyeza, shikilia: lugha ya kurunzi yenye kitufe kimoja

Kurunzi ya zamani haikuhitaji maelezo. Swichi ilisukumwa mbele ikawaka, ikarudishwa nyuma ikazimika. Vitenzi washa na zima vilitosha. Kurunzi za LED zinazowavutia mashabiki wa leo zina kitufe kimoja tu, lakini nyuma yake mna kompyuta ndogo mno, na maelekezo yake humtaka mtafsiri awe mwangalifu.

Mfano mzuri ni Anduril, programu huria inayotumika katika kurunzi za watengenezaji kadhaa. Jina lake ni la upanga wa Aragorn katika The Lord of the Rings ya Tolkien. Programu iliyoitangulia iliitwa Narsil, jina la upanga huohuo kabla haujavunjika na kufuliwa upya. Matoleo yake ya awali yaliwekwa katika chipu ya ATtiny85, ambayo hifadhi yake ya programu ni kilobaiti 8 tu.

Programu ya aina hii, ikaayo ndani ya kifaa na kukiendesha moja kwa moja, huitwa programu dhibiti. Anayetafsiri istilahi ya Kiingereza kipande kwa kipande atashawishika kusema "programu thabiti". Nashauri asifanye hivyo. Kudhibiti ndiyo kazi yake hasa, ilhali uthabiti wake ni wa kutiliwa shaka: mashabiki huifuta na kuweka toleo jipya kila wapendapo. Kuhusu kiolesura, yaani njia ambayo mtu na kifaa huwasiliana, sina ugomvi na neno hilo, limekwisha kuzoeleka.

Ugumu uko katika vitenzi. Bonyeza ni kukandamiza kwa kidole, bila kutaja muda. Bofya, ambalo kwa asili ni tendo la mnunuzi anayejaribu ulaini wa embe sokoni, limepata katika kompyuta maana ya kubonyeza na kuachia mara moja. Shikilia hutokana na shika, na kiambishi cha kutendea kilichorudufiwa hutia maana ya kuendelea bila kuachia. Katika Anduril tofauti hizi si mapambo. Kurunzi ikiwa imezimwa, mbofyo mmoja huiwasha. Kubonyeza na kushikilia huleta mwanga hafifu kabisa. Mibofyo miwili huleta mwanga mkali.

Mashabiki huandika 3C kwa mibofyo mitatu, na 3H kwa mibonyezo mitatu ambayo wa mwisho hushikiliwa. Hapa nimeona wengi wakiteleza. "Bofya mara tatu kisha ushikilie" humfanya msomaji abonyeze mara nne, kwa sababu kisha hutenganisha matendo. 3C huonyesha hali ya betri, 3H huleta taa za kumetameta, na anayebonyeza mara nne hatapata alichoahidiwa. Tafsiri sahihi ni "bofya mara mbili, kisha bonyeza mara ya tatu na ushikilie".

Kosa la hatari zaidi liko katika funga. Mibofyo minne, kurunzi ikiwa imezimwa, huifunga ili isiwake kwa bahati mbaya mfukoni. Lakini wasemaji wengi husema "funga redio" wakimaanisha kuizima. Akiambiwa "funga kurunzi kabla ya kuitia mfukoni", mtu ataizima tu na kuondoka. Kurunzi kali ikiwaka kwa nguvu zote ndani ya nguo hupata joto la kuchoma kitambaa, hata ngozi. (Fungua nalo lina utata uleule, maana mibofyo minne ya kuondoa kufuli huiwasha taa papo hapo.)

Kwa hiyo napendekeza funga na fungua yaachwe katika maelekezo haya, na badala yake yatumiwe weka kufuli na ondoa kufuli: "Zima kurunzi. Bofya mara nne mfululizo ili kuweka kufuli. Bofya mara moja: isipoendelea kuwaka baada ya kuachia kitufe, kufuli imeshika."