Neno "Mkono" na Maana Zake

Neno mkono hufundishwa katika darasa la kwanza, na kwa sababu hiyo twadhani ya kuwa twalijua. Asili yake ni kiungo chote, tangu bega hata ncha za vidole. Lakini katika usemi hushika mara sehemu hii, mara sehemu ile.

Mwenye kuamua ni kitenzi, au neno linalofuatana nalo. Mtu akiambiwa, "Nawa mikono," huishia penye viganja, wala hakuna anawaye hata begani. Kanzu ya mikono mirefu hufunika mkono wote, ila kiganja. Apimaye kitambaa kwa mikono huanza kivini, akaishia ncha ya kidole cha kati, yaani karibu sentimita 45.

Tena neno limetoka mwilini. Sufuria ina mkono wake. Mto ukigawanyika, kama Kilombero ugawanyikavyo bondeni, tawi lake ni mkono. Na mkono wa tembo ni ndizi kubwa za kupika. Hata tabia hutajwa hivyo: mkono wazi ni mkarimu, mkono wa birika ni bahili, mkono mrefu ni mdokozi. Kumpa mtu mkono ni kumsalimu, au kumpongeza, au kumpa pole kwa msiba. Katika yote hayo msikiaji hakosei.

Lakini yuko mmoja asiyesaidiwa na kitenzi, naye ni mgonjwa. Akisema, "Mkono wauma," au, "Mkono umekufa ganzi," hatujui ni wapi. Hapa Ifakara, ambapo wenye ukoma walitibiwa miaka mingi katika kituo cha Nazareti, jambo hili si dogo. Katika ugonjwa huo mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kivi huweza kuvimba, na ganzi ikatokea mbali nao, katika kidole cha mwisho na cha pete. Ukoma hupona kwa dawa; lakini mshipa ukiachwa muda mrefu, vidole hukunjika, na kuvinyosha tena ni shida. Barua ya mwalimu inayosema tu "mkono wake mgonjwa" yaweza kumwonyesha mganga bega, wakati dalili i katika kidole.

Basi yafaa watoto wafundishwe sehemu kwa majina yake: bega, kivi au kisugudi, kigasha, kiganja, na kila kidole kwa jina lake. Katika neno kiwiko tujihadhari: kwa wengine ni kiungo cha katikati ya mkono, kwa wengine ni kile kilicho karibu na kiganja. Na tuandikapo habari za mgonjwa, kwanza tumwombe aguse mahali penyewe, ndipo tuandike jina la mahali hapo.