Jiwe likiondolewa, hatari haijaisha

Tangu shaba ya kwanza ilipoyeyushwa hapa Lubumbashi mu mwaka 1911, ni jamaa ngapi za kwetu hazina muntu mwenye kuchechemea? Baba aliangukiwa na jiwe, kaka aliteleza mu shimo, mujomba alibanwa na mashine. Tunasema: "Njo kazi." Lakini vilema vingine havikuletwa na jiwe. Vililetwa na mambo tuliyofanya saa za kwanza kisha ajali. Leo tuongee juu ya saa hizo.

Umevunjika ao umeteguka?

Kama muguu ao mukono umepinda, umekuwa mufupi, unacheza mahali pasipo kiungo, ao muntu hawezi kuukanyagia hata hatua ine, muhesabu kama mufupa umevunjika. Wengi wanasema: "Anachezesha vidole, basi haikuvunjika." Si kweli. Vidole vinaweza kucheza na mufupa ukiwa umevunjika. Picha ya radio njo inakata maneno.

Kuteguka kunavimbisha kiungo, lakini mufupa unabaki sawa. Siku mbili za kwanza: kupumuzika, maji ya baridi ao barafu ndani ya kitambaa, kuinua muguu juu ya muto. Maji ya moto na kukanda siku hizo vinaongeza kuvimba. Na bega likitoka mahali pake, musilivute. Mulifunge na kikwembe kifuani, muende lopitali.

Mbele ya kumubeba

Damu ikitoka, mukandamize na kitambaa safi, bila kuachia. Mufupa ukionekana inje, musiurudishe ndani. Musiweke udongo, majani wala dawa ya meno: muufunike tu. Huyu anahitaji dawa za kuua vijidudu na sindano ya tetanosi siku ile ile.

Kisha mufunge muguu vile mulivyoukuta, na mbao mbili ao mipini ya piki, kupita kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika. Muweke nguo laini katikati. Mukisha kufunga, muangalie vidole: vikiwa baridi, vyeupe ao vimekufa ganzi, mulegeze.

Aliyeanguka shimoni na kuumwa shingo ao mugongo, asikalishwe na asibebwe mugongoni. Watu wane wamuinue pamoja, sawa gogo moja, wamulaze juu ya ubao. Kumupakia juu ya pikipiki kunaweza kumulemaza maisha yote.

Maumivu yenye kupita kipimo

Kuna alama moja ambayo kila mama anapaswa kuijua. Muguu umefungwa, lakini maumivu yanazidi kila saa, hata dawa haisaidii. Nyama imekaza sawa ubao. Ukinyoosha vidole vyake polepole, analia. Maana yake nyama imevimba ndani na damu haipiti tena. Kisha saa sita hivi, nyama inaanza kufa.

Hapa njo tunapoteza miguu mingi bure. Muntu anapelekwa kwa muzee mwenye kuunga mifupa, anafungwa na miti kwa nguvu, na akilia anaambiwa avumilie. Hatuwadharau wazee, wengine mikono yao inajua kazi. Lakini miti yenye kukaza sana inaweza kuozesha muguu ambao ungepona kwa platiri. Maumivu yakizidi, mufungue kila kitu, hata kama ni usiku, na mukimbie lopitali.

Ule aliyekaa chini ya jiwe

Jambo la mwisho ni lenye kudanganya zaidi. Shimo limebomoka, muntu amelaliwa na jiwe saa nyingi. Wanamutoa, anaongea, anaomba maji, watu wanaimba. Kesho yake mukojo wake unakuwa mweusi sawa chai kali, kisha anaacha kukojoa, anakufa. Watu wanaanza kutafuta mulozi.

Hakuna mulozi. Mu mwaka 1941, waganga Bywaters na Beall waliandika juu ya jambo hili hili kule London, kwa watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Nyama yenye kupondwa inatoa sumu. Jiwe likiondolewa, sumu ile inaingia mu damu, inaweza kusimamisha moyo na kuziba figo.

Kwa hiyo, kama jiwe limeanguka sasa hivi, mumutoe mbio. Kama saa zimepita na shimo halitishi kubomoka tena, muite munganga aje na serumu mbele ya kuliondoa. Serumu nyingi na ya mapema njo inaokoa figo. Hata akitembea muzuri, aende lopitali siku ile ile, na mumuambie munganga: "Alikaa chini ya jiwe saa fulani." Hilo neno moja linaweza kumuokoa.

Tunajua kinachowazuia: feza. Mwenye kazi ya mukataba adai ajali yake itangazwe ku CNSS. Wachimbaji wa mikono, muchange kidogo kidogo kila juma mu sanduku la kikundi, mbele ya ajali. Na mbao mbili, vikwembe na kamba vikae karibu na shimo kila siku. Feza ya lopitali ni nyingi, ndiyo. Lakini muguu uliokatwa unalipiwa na jamaa nzima, miaka yote.