Mbuyu Ulianza Kama Mchicha

Sisi wakazi wa Sanje tumezoea misitu ya Udzungwa yenye mvua nyingi. Lakini tukipita Mikumi kuelekea Iringa, tunaikuta mibuyu katika bonde kavu la Ruaha Mkuu. Shina la mbuyu huhifadhi maji, na majani hupukutika kiangazi bila mti kufa. Huko Zimbabwe, mbuyu mmoja ulipimwa na wanasayansi ukaonekana umeishi takribani miaka 2,450. Subhanallah!

Jamaa zake tunao nyumbani. Wataalamu wa mimea huuweka katika familia moja na pamba, kakao na bamia, ambayo umri wake ni msimu mmoja tu.

Wahenga hawakukosea kuutaja mchicha. Mche wa mbuyu huanza na majani yasiyogawanyika, tofauti na yale ya mti mkubwa yaliyo kama vidole vya kiganja. Hivyo mkulima huung'oa akidhani ni gugu, au mbuzi huula, na mti mkongwe hubaki bila mrithi.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba Muislamu apandaye mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi tuwafundishe watoto wetu kuutambua mche huo, na penye mifugo tuuzungushie miiba. Sisi hatutauona ukinenepa, lakini thawabu zake, inshallah, zitatufikia.