Vyuma vya kunyoosha meno: maumivu yana siku zake



Katika miji yetu ya migodi tunaona vijana, na hata watu wazima, wenye vyuma vidogo mdomoni. Vyuma hivyo si pambo. Munganga wa meno amevibandika ili kunyoosha meno yaliyopandana, yaliyotoka mbele sana, au yasiyokutana vizuri wakati wa kutafuna. Kazi hiyo ni ndefu: mara nyingi inachukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili.

Shida inakuja siku za kwanza. Mtoto anatoka kwa munganga akicheka, lakini usiku analia. Baba anasema: «Tumelipa pesa ili mtoto ateswe?» Jirani mmoja anashauri vyuma vitolewe kwa pensi. Jirani mwingine analeta vidonge ambavyo hakuna anayejua jina lake. Hapo ndipo kazi ya miezi mingi inaharibika kwa usiku mmoja, na pengine jino zima linavunjika.

Kwa hiyo ni vizuri kila jamaa ielewe maumivu haya yanatoka wapi, yanadumu siku ngapi, na ni lini inapasa kukimbilia hospitali.

1. KWA NINI JINO LINAUMA?

Wengi wanafikiri kwamba jino limejengwa ndani ya mfupa kama msumari ndani ya ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna utando mwembamba sana, upana wake karibu sehemu mbili za kumi za milimita moja. Ndani ya utando huo mna nyuzi zinazoshika jino, mishipa midogo ya damu na mishipa ya kusikia maumivu.

Waya ukivutwa, unasukuma jino upande mmoja. Upande unaosukumwa, utando unabanwa na damu haipiti vizuri. Mwili unatambua jambo hilo na kuanza kazi: chembe fulani zinakula mfupa kidogo kidogo mbele ya jino, na chembe nyingine zinajenga mfupa mpya nyuma yake. Hivyo jino linahama, karibu milimita moja kwa mwezi. Wakati wa kazi hiyo mwili unatoa maji yake yanayoamsha mishipa ya maumivu. Ndiyo sababu mtoto hawezi hata kuuma mkate.

Fikirini mti wa ua uliosimikwa ardhini. Ukiusukuma kidogo kila siku, udongo unaachia, na mti unasogea bila kuvunjika. Ukiupiga kwa nyundo, unakatika. Munganga anafuata njia ile ya kwanza. Kwa hiyo nguvu nyingi haileti haraka, na maumivu makubwa si alama ya kazi nzuri.

Na jambo hili litawapendeza watu wa migodi: waya nyingi za meno zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, chenye kromi na nikeli. Nyingine ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Tena kuna aina moja ambayo karibu 40 kwa mia yake ni kobalti, madini yale yale tunayoyajua sana Katanga.

2. KALENDA YA MAUMIVU

Maumivu ya kawaida yana saa zake na siku zake:

— Masaa machache baada ya kufungwa au kukazwa waya: meno yanaanza kubana na kuuma.
— Siku ya kwanza na ya pili: maumivu yanafika juu kabisa. Kutafuna ni vigumu.
— Siku ya tatu na kuendelea: yanaanza kushuka.
— Baada ya siku saba hivi: kwa watu wengi yamekwisha, ao yamebaki kidogo sana.

Waya ukikazwa tena baada ya wiki kadhaa, maumivu yanaweza kurudi na kufuata njia ile ile, lakini mara nyingi si makali kama mara ya kwanza. Meno kutikisika kidogo sana wakati huo si ajabu, kwa kuwa mfupa unajengwa upya.

Bandikeni kalenda hii ukutani. Mtoto anayejua kwamba kesho kutwa maumivu yatashuka anavumilia vizuri kuliko yule anayefikiri kwamba yatadumu miaka miwili.

3. NAMNA YA KUTULIZA NYUMBANI

Chakula. Siku tatu za kwanza mpeni mgonjwa vitu laini: uji, bukari laini na lengalenga, sombe iliyopondwa vizuri, maharagi yaliyoiva sana, mayai, samaki bila miiba, avoka, papai, ndizi mbivu. Asikae na njaa kwa sababu ya maumivu. Baada ya hapo arudie chakula cha kawaida, lakini kikatwe vipande vidogo.

Vitu vya kuacha mpaka vyuma vitolewe: muwa, mahindi ya kuchoma yanayoumwa kwenye gunzi, mifupa ya kuku, karanga ngumu, barafu ya kutafuna, peremende zinazonata. Tena hakuna kufungua chupa kwa meno! Vitu hivyo vinang'oa vifungo na kupinda waya, na maumivu yanaanza upya.

Maji. Maji baridi yakishikwa mdomoni kwa dakika chache yanapunguza maumivu. Kama shavu au ulimi vina vidonda, tieni nusu kijiko kidogo cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, asukutue na kutema, mara tatu au nne kwa siku.

Nta. Munganga wa meno anatoa nta ya pekee. Kausha kifungo kinachokwaruza, finyanga kipande cha nta kama punje ya mahindi, kibandike juu yake. Waya ukichoma shavu, usukumwe polepole kwa upande wa nyuma wa penseli wenye mpira safi, kisha ufunikwe kwa nta, na munganga apashwe habari. Waganga wa fani hii si wengi kwetu, na jamaa nyingine zinasafiri kwenda mji mwingine kumwona. Basi, kila mara mnapotoka kwake, ombeni nta ya kutosha.

Mswaki. Wengine wanaacha kupiga mswaki kwa kuogopa maumivu. Ni kosa kubwa. Chakula kikibaki kati ya vyuma, ufizi unavimba na kutoka damu, meno yanaoza, na maumivu ya pili yanaongezeka juu ya ya kwanza. Tumieni mswaki laini na dawa ya meno yenye fluori, asubuhi na usiku, na maji safi baada ya kila chakula.

4. DAWA: KIPIMO NI ULINZI

Dawa ya kwanza ni parasetamoli. Mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, anangoja masaa 6 kabla ya kurudia, na hapitishi vidonge 8 kwa masaa 24. Mwenye ugonjwa wa maini, mwenye mwili mdogo, au anayekunywa pombe nyingi, amwulize munganga kwanza, kwani kipimo chake ni cha chini.

Mtoto anapimwa kwa kilo zake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Kwa mfano, mtoto wa kilo 40 anaweza kumeza kidonge kimoja cha miligramu 500. Tazameni vizuri karatasi ya dawa: vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake. Mkichanganya, mtoto anapata kipimo mara mbili bila ninyi kujua, na maini yanaumia.

Ibuprofeni pia inatuliza, lakini haifai kumezwa na njaa. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mwenye mimba. Mfanyakazi anayetoka jasho jingi katika joto bila kunywa maji ya kutosha ajihadhari nayo, maana inaweza kuumiza figo.

Aspirini isipewe mtoto. Wala isiwekwe juu ya ufizi kama wengine wanavyofanya: inaunguza nyama ya mdomo. Lutuku mdomoni nayo inaunguza, haiponyeshi. Na antibiotiki haifanyi kitu juu ya maumivu ya waya, kwa kuwa hapo hamna vijidudu vya kuua.

5. KWA MFANYAKAZI MWENYE VYUMA

Watu wazima pia wanatengenezwa meno. Ndugu mfanyakazi, kama ni wewe, shika mambo haya manne.

Kwanza, chagua siku. Maumivu yanafika juu siku inayofuata. Ukiweza, nenda kwa munganga usiku wa kuamkia siku yako ya mapumziko ukiwa karibu: yaani waya ukazwe mwisho wa zamu, si asubuhi ya kuanza zamu ya usiku. Aliyekosa usingizi kwa sababu ya jino hafai kuongoza lori la karieri.

Pili, usimeze tramadoli ao dawa nyingine kali uliyopewa na rafiki. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mtu anaweza kuzizoea asiweze kuziacha. Kwenye mashine, kusinzia kidogo tu kunaweza kuua wewe na wenzako. Kama maumivu yanakushinda, mwambie kapita wako kabla ya kupanda, si baada ya ajali.

Tatu, usiteremshe maski ya vumbi ili kujipapasa mdomo, wala usitie vidole vyenye vumbi la madini mdomoni. Ngoja mapumziko, nawa mikono kwa sabuni, kisha weka nta yako.

Nne, kama ngozi yako inawasha mahali inapogusa saa ao kifungo cha mkanda, mwambie munganga mapema. Pengine mwili wako unakataa nikeli, naye atachagua waya wa namna nyingine.

6. MAUMIVU YASIYO YA KALENDA

Maumivu yanayofuata kalenda ni ya kazi. Maumivu yanayotoka nje ya kalenda ni habari, na habari haifichwi. Nendeni hospitali mkiona:

— maumivu yanayozidi badala ya kushuka baada ya siku tatu, ao yanayopita wiki moja bila kupungua;
— jino moja tu linalopiga usiku, ao linalouma sana kwa kitu cha moto: pengine limeoza;
— usaha, ao jino linalotikisika sana;
— midomo kuvimba na kuwasha baada ya kuvalishwa vyuma;
— kifungo kilichomezwa, kisha kikohozi ao shida ya kupumua: hapo ni mara moja, bila kungoja.

Uso au shingo ikivimba, na mgonjwa hawezi kumeza ao kufungua kinywa, msingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo.

Tena, homa hailetwi na vyuma. Mtoto mwenye waya akipata homa, msiseme «ni meno». Apimwe malaria siku hiyo hiyo.

7. PENSI IBAKI ATELIE

Mwisho tunarudia lile la jirani na pensi. Vyuma vimebandikwa kwa gundi ngumu sana. Anayeving'oa nyumbani anaweza kung'oa pamoja navyo ngozi ngumu ya jino, na hiyo haioti tena. Vipande vinaweza kuingia njia ya pumzi. Na meno yaliyokwisha kuanza kuhama, yakiachwa bila kushikwa, yanarudi nyuma: pesa, miezi na machozi, vyote vimepotea. Hata siku munganga anapotoa vyuma mwenyewe, atampa mgonjwa kifaa cha kushikilia meno mahali papya. Akivae kama alivyoagizwa.

Kama mtoto amechoka kabisa, msimwite mwoga. Mrudisheni kwa munganga, mweleze siku, saa na mahali panapouma. Yeye anaweza kulegeza waya ao kuubadilisha kwa mwembamba zaidi. Kulegeza wiki mbili si hasara kubwa. Kung'oa kwa hasira ndiyo hasara.

Wazazi, hesabuni siku, pimeni dawa, tazameni alama. Maumivu yanayojulikana hayaogopeshi, na mdomo wenye afya ni faida ya nyumba nzima.