Uongo kwa Ajili ya Qur'an

Aghalabu mtu akikanywa juu ya jambo baya, jibu huwa tayari mdomoni: "Nia yangu ilikuwa njema." Hutegemea Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari ameianzia mkusanyo wake. Hadithi hiyo ni sahihi. Kasoro imo katika namna tunavyoitumia.

Tuutazame mkasa wa Muammal bin Ismail, mpokezi wa Hadithi aliyefariki mwaka 206 Hijria. Alisimuliwa Hadithi ndefu inayotaja malipo ya kusoma kila sura ya Qur'an, moja baada ya nyingine. Akauliza: nani amekupa? Akaelekezwa kwa mtu wa Madain. Huyo akampeleka kwa mtu wa Wasit, wa Wasit akamwelekeza Basra, wa Basra akamwelekeza Abadan. Safari yote hiyo, kwa vipando vya zama zile, ili kuhakikisha kauli moja! Huko Abadan akaingizwa katika nyumba ya watu wa ibada, na mzee wao akakiri kwamba hakuna aliyemsimulia. Waliona watu wameipa Qur'an kisogo, basi wakatunga maneno hayo ili nyoyo ziirejee.

Ni nia gani iliyo njema kuliko hiyo? Hata hivyo walimzulia Mtume (s.a.w.), naye alikwisha kuonya kwamba amzuliaye kwa makusudi makazi yake ni Motoni. Uzushi huo ukapenya hadi katika tafsiri kubwa, ikiwemo Al-Kashshaf ya Zamakhshari.

Wapo waliojitetea eti hawakusema uongo dhidi ya Mtume, bali kwa faida yake. Kana kwamba dini iliyokamilika ilihitaji kutiliwa nguvu na uongo. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba nia haigeuzi maasi yakawa twaa: amlishaye fukara kwa mali ya mwingine, au ajengaye msikiti kwa fedha ya haramu, amedhulumu, hata kama amekusudia kheri.

Twayasema haya kwa kuwa Abadan sasa imo ndani ya simu zetu. Mama hupokea ujumbe wenye ahadi za thawabu zisizo na asili, akawatumia wanawe ili wapende kuswali. Kijana akija kugundua kwamba maneno yale yalitungwa, atajiuliza ni mangapi mengine aliyofunzwa nyumbani kwa njia hiyo, na huenda Swala yenyewe ikaingia katika hesabu. Ilhali Hadithi sahihi zipo. Ile ya kwamba Suratul Ikhlas yalingana na theluthi ya Qur'an imo katika Bukhari. Aya zake ni nne tu, na mtoto mdogo huzihifadhi upesi.