MWANGWI KATIKA KASHA KUUKUU

Uko ufundi mmoja mdogo ambao umeenea kimya kimya miongoni mwa wapigaji wa gitaa na mafundi wa redio katika nchi nyingi, nao ni ufundi wa mtu kujitengenezea chombo cha mwangwi kwa mkono wake, kisha kukitia ndani ya kasha la chombo kingine kilichokufa zamani: redio, kipima umeme cha shuleni, au kisanduku cha simu ya ofisini. Chombo hiki hukaa baina ya gitaa na kikuza sauti. Mpigaji akikanyaga swichi yake, kila sauti hutoka kwanza kama ilivyo, kisha hurudi baada ya muda mfupi, kisha hurudi tena, kila mara ikiwa hafifu zaidi, mfano wa mtu aliyeita bondeni akajibiwa na mlima.

Wako watakaouliza faida ya taabu hii ni nini, na hali madukani vimo vyombo vya tarakimu vinavyoweza kurudisha sauti kwa sekunde nyingi bila ya kupungua hata chembe. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikimbia. Lakini yafaa kwanza ifahamike kwamba jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni pambo tu, yaani lile kasha la zamani, ndilo lenye uzito kuliko yote. Ndani yake hukaa tofauti baina ya chombo kinachoimba na chombo kinachonguruma, na wakati mwingine baina ya mpigaji aliye hai na aliyekufa.

Mwangwi wa umeme hapo mwanzo ulitoka katika utepe wa sumaku. Mathalan, mwaka 1958 Charlie Watkins wa London alitoa mashine yake iitwayo Copicat, ambamo utepe mfupi ulizunguka bila kukoma, kichwa kimoja kikiandika sauti na vichwa vingine vikiisoma baadaye. Sauti yake ilipendeza sana, walakini utepe huchakaa, mota huchoka, na mashine yenyewe haikuwa kitu cha kutupwa chini ya mguu.

Mwaka 1969 wahandisi wawili wa maabara ya Philips nchini Uholanzi, F. L. J. Sangster na K. Teer, walitangaza njia nyingine. Walichukua mfano wa watu waliojipanga msururu kuzima moto, kila mmoja akimpa mwenziwe ndoo ya maji mpaka maji yafike kwenye nyumba inayoungua. Ndani ya chipu yao, maji ni chaji ya umeme, na kila mtu katika msururu ni chumba kidogo cha kuhifadhia chaji hiyo. Saa ya umeme hupiga mapigo, na kwa kila pigo chaji husogea. Sauti iliyoingia mwanzo wa msururu hutokea mwisho wake ikiwa imechelewa, na haikugeuzwa kuwa tarakimu hata mara moja.

Kampuni ya Matsushita ya Japani ndiyo iliyozitengeneza chipu za namna hii kwa wingi. Msomaji wa makamo wa Afrika Mashariki atatambua kwamba majina haya mawili si mageni: Philips lilikuwa limeandikwa juu ya redio za sebuleni, na Matsushita ndiyo kampuni ya betri za National, iliyokuwa na kiwanda chake Dar es Salaam.

Katika chipu hizo, ile iliyopata sifa kuliko nyingine ni MN3005, yenye vyumba 4,096. Hesabu yake ni nyepesi. Idadi ya vyumba ikigawanywa kwa mara mbili ya mapigo ya saa katika sekunde moja, jawabu ndilo muda wa kuchelewa. Ikipigwa mapigo 10,000 kwa sekunde, sauti huchelewa milisekunde 205 hivi. Chombo cha Boss kiitwacho DM-2, kilichotoka mwaka 1981, kilifika hata milisekunde 300, na asiyeamini na ahesabu: saa yake haikuwa na budi kushuka mpaka mapigo 6,800 hivi.

Na hapa ndipo penye kisa. Mapigo 6,800 kwa sekunde ni mluzi unaosikika na sikio la binadamu. Kadhalika, kanuni ya vyombo hivi haikubali sauti ipitayo nusu ya mapigo ya saa. Ikipita, hurudi imepotoka, ikawa kelele isiyo na uhusiano na wimbo. Kwa hiyo fundi hana budi kuweka chujio kabla ya msururu na chujio jingine baada yake, akikata kila kilicho juu ya mitetemo 3,000 na kitu. Sauti za msingi za gitaa hazipandi sana juu ya 1,300, kwa hiyo nyama ya sauti hubaki. Kinachokwenda ni kile kimetameta cha juu. Na kwa kuwa sehemu ya sauti iliyotoka hurudishwa tena mwanzoni ili irudie mara ya pili na ya tatu, kila mzunguko huchujwa upya, na kila jibu huwa la giza zaidi kuliko lililotangulia.

Hili basi ndilo jawabu letu kwa yule aliyeuliza faida. Mwangwi wa tarakimu usiopungua hugombea nafasi na sauti mpya inayopigwa. Mwangwi huu unaofifia huiachia njia. Anayejua bendi za dansi, ambamo gitaa la solo, la ridhimu na pengine la pili la solo husukwa pamoja kama ukili, ataelewa mara moja maana yake: katika chemko hakuna nafasi ya kelele ya ziada. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu ya pigo kila milisekunde 250, na kiasi hicho kimo ndani ya uwezo wa MN3005 moja. Voliyumu ya kuchelewesha ikiwekwa hapo, mpigaji mmoja husikika kama anajibizana na nduguye.

Vyombo vya tarakimu vilipoingia kwa nguvu kuanzia katikati ya miaka ya 1980, viwanda viliziacha chipu hizi, na kufikia mwisho wa karne ya ishirini Matsushita ilikuwa haizitengenezi tena. Kwa desturi ya biashara, hapo ndipo mambo yangekwisha. Hayakwisha, kwa sababu wapigaji walikataa kuviacha vyombo vyao, na mafundi wadogo, kila mmoja kwenye meza yake, waliendelea kuchora saketi, kuzinakili na kuzirekebisha. Leo kampuni ya Coolaudio inatengeneza V3205 na V3207, zilizofuata mfano wa MN3205 na MN3207 za zamani, na Boss yenyewe ilirudisha DM-2 katika sura mpya mwaka 2014.

Haja hiyo hiyo imezaa walaghai. Chipu nyingi zenye maandishi ya MN3005 zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha ni chipu nyingine zilizofutwa jina na kupigwa chapa upya. Tena iko chipu ya Taiwan, PT2399, ambayo ni rahisi, ni nzuri, na mwanafunzi wa kazi hii aweza kuanza nayo bila aibu. Lakini ndani yake sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Anayeiuza akisema haina tarakimu anadanganya, hata kama sauti yake hufifia vizuri.

Sasa tulirudie kasha. Jambo la kwanza ni kwamba redio ambayo ingali yaimba, au ambayo fundi mwingine aweza kuifufua, isichinjwe kwa ajili ya ngozi yake. Zipo nyingi zilizokwisha kufa kabisa. Kuiua iliyo hai ili kupata sanduku la kupendeza ni ufujaji, nasi hatuoni udhuru wake.

La pili ni la hatari. Redio nyingi za taa zilizotengenezwa bila ya transfoma, zikiwa na kiunzi cha chuma, zilikiunganisha kiunzi hicho moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa nyumbani. Plagi ikigeuzwa, kiunzi chote hubeba umeme wa ukutani. Huko zamani mbao au bakelaiti ya nje ilimkinga msikilizaji. Gitaa halina kinga hiyo: nyaya zake za chuma zimeunganishwa na kiunzi cha chombo kupitia kebo, na mpigaji huzishika kwa mikono miwili, huku midomo yake ikigusa maikrofoni iliyofungwa na ardhi. Umeme ukipita hapo hupitia kifuani. Kwa hiyo fundi na aondoe kila kitu kilichokuwa cha umeme wa ukutani, waya, swichi na kapasita kubwa zinazoweza kuhifadhi chaji, asibakize hata kipande kwa ajili ya sura, na chombo kiendeshwe kwa betri ya volti 9 au kwa adapta iliyo nje, iliyo nzima. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na karatasi nyeupe za kuzuia joto ndani ya baadhi ya redio huenda zikawa na asbesto. Vumbi la vitu hivyo halifai kuvutwa.

La tatu ni kwamba kasha ni ngao. Saketi hii ina sehemu zinazokuza sauti dogo sana, na hewa ya mjini imejaa mawimbi ya redio na ngurumo ya taa za nyumba. Sanduku la chuma lililounganishwa na upande hasi huyazuia. Sanduku la mbao au plastiki halizuii, mpaka libandikwe ndani karatasi ya shaba au bati kila upande, vipande vyote vikiguswa kwa risasi na kuungana. Tena saa ya chipu iwekwe mbali na waya unaoingiza sauti, maana mluzi wake huruka hewani.

La nne hulisahauliwa na wengi: mguu. Kasha la redio halikuumbwa likanyagwe. Bati jembamba hubonyea, na plastiki ya miaka 50 hupasuka kama ganda la yai. Ama litiwe bamba la alumini chini ya swichi, au, na hili ndilo tulipendalo sisi, kasha liwekwe juu ya kikuza sauti pamoja na vifundo vyake vya kale, na swichi peke yake iteremke sakafuni kwa waya.

Chipu isilehemiwe moja kwa moja. Itiwe katika soketi, na fundi aguse kwanza chuma kilichofungwa na ardhi, kwa sababu umeme tuli wa mwilini huiua bila ya kuonekana. Saketi ikikamilika hufuata kazi ya subira, yaani kugeuza kwa bisibisi voliyumu ndogo za ndani. Ya kwanza huweka volti ya kuanzia ya msururu: ikiwa juu mno au chini mno, mwangwi hutoka umekwaruza au hautoki kabisa, na mahali pake pazuri ni pembamba. Nyingine hupima kiasi cha sauti kinachorudi mwanzoni. Ikizidishwa, kila jibu huwa kubwa kuliko lililopita, na chombo huanza kulia peke yake bila ya gitaa kuguswa. Wengine huupenda mlio huo na huutumia makusudi. Na uwepo, lakini mwisho kabisa wa mzunguko wa kifundo.

Kabla ya kukaza skurubu za kifuniko, mchoro wa saketi ukunjwe na kubandikwa ndani, pamoja na tarehe, jina la chipu iliyotumika, na volti iliyopatikana kwenye mguu wake wa kuingizia, ili fundi atakayelifungua kasha hilo baada ya miaka 20 ajue aanzie wapi.